Deni Lisilo Shahidi

Kwa watu wa mwambao, deni ni jambo la heshima kabla ya kuwa jambo la fedha. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani haizungumzii vita. Inazungumzia deni, na inaagiza liandikwe, liwekewe muda na lishuhudiwe. Na kabla kidogo ya aya hiyo ipo nyingine inayotaka mdaiwa aliye katika dhiki apewe muhula mpaka apate wasaa. Hata asiyezisoma aya hizo amelelewa ndani ya desturi zake. Anajua kwamba dawa ya deni ni kulipa. Anajua kwamba siku ya maziko jamaa husimama wakatangaza kuwa yeyote anayemdai marehemu aende kwa warithi. Anajua pia kwamba mwenye kukopa bila nia ya kulipa ana jina lake mtaani. Kamusi kongwe za Kiswahili hulipa neno "kopa" maana mbili, kuchukua kwa ahadi ya kulipa na kulaghai, kana kwamba waliozitunga walichoka kuzitenganisha.

Ngorongo ni kata ya Wilaya ya Rufiji, katika Mkoa wa Pwani, ukingo wa kaskazini wa mto, juu ya delta, kwenye njia itokayo Kibiti kuelekea Mkongo na Mloka. Katika vijiji vya bonde hilo deni la kawaida lina sura inayojulikana. Mwenye duka ana daftari. Ndani yake mmeandikwa sukari robo, sabuni mche mmoja, mafuta ya taa chupa, na mbele ya kila kitu jina la mtu. Mkulima atalipa mpunga ukivunwa au ufuta ukiuzwa. Daftari hilo si malaika. Wapo wanaonunua mazao yakiwa bado yamesimama shambani, kwa bei ya mwenye njaa, na wakulima wa korosho wameipa biashara hiyo jina la kangomba. Dhuluma imo ndani yake, tena dhuluma ya wazi. Lakini mnunuzi wa kangomba ana uso. Ana mlango unaoweza kubishwa hodi, ana wazee wanaoweza kusemezwa, na siku ya kugombana wapo walioona mkono ukipokea fedha.

Lipo deni la pili ambalo mtu huyo huyo wa Ngorongo analo, na hakuna aliyemwona akilichukua. Ni deni la taifa. Halikuandikwa katika daftari la duka bali katika mikataba ya Washington na kwingineko. Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali ya mwaka 1974 inampa Waziri wa Fedha mamlaka ya kukopa kwa niaba ya nchi, na nchi, ikihesabiwa mtu mmoja mmoja, ni pamoja na bibi anayepalilia mpunga ukingoni mwa Rufiji. Swali ni la zamani kuliko mashirika yanayokopesha: je, deni humfunga asiyelikubali wala kulipokea? Na kama halimfungi, imekuwaje analilipa?

Analilipa kwa bei. Hapana karani anayefika kijijini na hati ya madai. Jembe lililokuwa la kiasi fulani msimu uliopita limekuwa la kiasi kingine msimu huu, kanga vivyo hivyo, nauli vivyo hivyo, na tofauti iliyopo kati ya bei hizo mbili ndiyo mkono unaokusanya.

Hapa lugha yenyewe ina jambo la kueleza. Watu husema bei "imepanda" na shilingi "imeshuka", kama vile maji ya mto yanavyopanda na kushuka pasina wa kuulizwa. Wataalamu wana istilahi yao, mfumuko wa bei, na ni istilahi nzuri kuliko wanavyojua wanaoitumia, kwani kufumuka ni hali ya mshono ulioachia au mkeka ulioachana ukindu. Lakini na mshono nao "umefumuka" tu, hapana aliyeufumua. Vitenzi hivi vyote vimefunga mdomo kuhusu mtendaji. Kiswahili kina njia nyingine. Mtu akisema shilingi "imeshushwa", sikio hungoja neno moja zaidi. Imeshushwa na nani?

Historia ya Rufiji inatoa sehemu ya jawabu, na inafaa kuanza mbali kidogo na fedha. Kabla ya mwaka 1968 wakulima wengi wa bonde waliishi karibu na mashamba yao. Waliyalinda katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ili ndege na nguruwe waonekane kutoka mbali, na mto ukifurika waliungoja upungue, kisha wakapanda mahindi na pamba katika udongo mbichi ulioachwa nyuma, kilimo wanachokiita mlau. Kufuatia mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliendesha Operesheni Rufiji, na watu wakahamishwa kutoka bondeni kwenda nyanda za juu zisizofikiwa na maji, wakaishi katika vijiji vya ujamaa. Miaka michache baadaye uhamishaji wa namna hiyo ukaenea nchi nzima. Watu wakawa mbali na mpunga wao, na wengine wakawa mbali na mikorosho yao. Mkorosho usiopaliliwa chini yake huzaa kidogo, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaingia na ugonjwa wa ubwiri unga, ambao huyakausha maua kabla hayajashika.

Katika miaka hiyo hiyo Benki ya Dunia ilikuwa ikiikopesha Tanzania fedha za kujenga viwanda vya kubangulia korosho. Hesabu ilionekana safi. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000, nyingi zikisafirishwa ghafi kwenda India, na ilikuwa aibu kwamba kazi ya kubangua, na ujira wake, viliondoka pamoja na meli. Mitambo ikaagizwa kutoka Italia na Japani. Tanzania ikafikia kuwa na viwanda 12, vingi vyao kwa mikopo hiyo. Vingine vikasimama Mtwara na Lindi, kimoja Kibaha, katika mkoa huo huo wa Pwani. Pamoja viliweza kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 20,000. Baadhi ya viwanda havikupata kufanya kazi hata siku moja.

Viwanda vikalala, deni halikulala. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, nao waliona mtu mmoja tu akila biriani na yeye mwenyewe akilia baadaye. Hawakuwazia harusi iliyoliwa na waliouza mitambo, washauri walioandika ripoti na wakubwa waliokata utepe, kisha matanga yakakaliwa na mtu wa Ngorongo ambaye hakupata mwaliko.

Nchi ilifika mwaka 1979 ikiwa imechoka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, vita vya Uganda vilikuwa vimekula fedha, na bei ya mafuta duniani ilikuwa imeruka kwa mara ya pili katika mwongo mmoja. Shirika la Fedha la Kimataifa likataka shilingi ipunguzwe thamani na ruzuku ziondolewe kabla halijatoa mkopo. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, alikuwa na rai ya kukubaliana nalo, na akajiuzulu. Mwalimu Nyerere alikataa, na katika hotuba yake kwa mabalozi siku ya Mwaka Mpya wa 1980 alihoji haki ya shirika hilo kuzipangia nchi maskini siasa zao. Ilikuwa hotuba ya mtu huru, na mpaka leo inasomwa kwa fahari.

Lakini haki inataka isemwe pia kwamba kukataa kulikuwa na bei yake, na bei hiyo haikulipwa Ikulu. Shilingi ilibaki na nguvu katika karatasi huku duka la kijiji likiwa tupu. Sabuni, chumvi, kanga na mafuta ya taa vilipatikana kwa foleni au kwa mlanguzi, na mlanguzi hakujua bei ya serikali. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliwasaka wahujumu uchumi. Bidhaa zilizofichwa zikafichuliwa na nyingine zikatupwa baharini kwa hofu, lakini maduka hayakujaa. Maskini wa miaka ile aliteswa na ughali ambao haukuonekana katika takwimu, kwa kuwa kitu kisichokuwapo hakina bei ya kupanda.

Kisha ukaja ughali unaoonekana. Mwaka 1984 serikali ilishusha thamani ya shilingi na kuondoa ruzuku ya sembe. Mwaka 1985 Ali Hassan Mwinyi akawa Rais, na Agosti 1986 makubaliano na Shirika la Fedha yakatiwa saini. Mwaka 1985 dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 17. Mwaka 1990 ilihitaji karibu shilingi 195. Bei za vitu zilikuwa zikipanda kwa karibu asilimia 30 kila mwaka.

Inafaa kusimama juu ya tarakimu hizo mbili, 17 na 195, kwa kuwa ndani yake limo jambo ambalo halikuelezwa vya kutosha. Deni la nje huhesabiwa kwa dola. Mtambo wa dola milioni moja, ambao kwa bei ya mwaka 1985 ulikuwa deni la shilingi milioni 17, kufikia mwaka 1990 ulikuwa deni la shilingi milioni 195, ilhali mtambo ni ule ule, umelala pale pale, na hata mafuta ya kulainishia vyuma vyake yamekwisha kukauka. Anayekopesha aliweka sharti la kushusha shilingi ili atoe mkopo mpya, na sharti hilo likaukuza mkopo wa zamani mara kumi na zaidi mikononi mwa anayekusanya kodi kwa shilingi. Mwenye duka wa Ngorongo akifanya hivyo katika daftari lake, yaani aseme kwamba robo ya sukari ya mwaka jana sasa ni kilo tatu, angepelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya adhuhuri.

Wachumi walikuwa na hoja, na haikuwa ya kipuuzi. Walisema shilingi ikishuka, mkulima wa zao la kuuza ng'ambo atapata shilingi nyingi zaidi, na atakayeumia ni wa mjini aliyezoea vitu vya rahisi. Katika baadhi ya mikoa ilikuwa hivyo. Katika mwambao wa korosho faida ilibisha hodi nyumba isiyokuwa na kitu. Shilingi ilishushwa msimu ambao mikorosho ilikuwa haizai, na salfa, dawa ya ubwiri unga, huagizwa ng'ambo kwa dola zile zile.

Mfanyakazi naye hakuwa na mahali pa kusemea. Chama cha wafanyakazi kilikuwa kimoja tu, JUWATA, nacho kilikuwa jumuiya ya chama tawala. Mwaka 1986 wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Kilombero waligoma wakidai malipo yao. Polisi wakafyatua risasi na baadhi yao wakafa. Mto Kilombero na mto Luwegu ndiyo inayokutana ikawa Rufiji. Maji yaliyopita karibu na miwa ile ndiyo yanayopita Ngorongo yakielekea baharini, na sukari iliyotoka kule ndiyo iliyokuwa ikiandikwa robo robo katika daftari la duka.

Ikiwa maneno haya yanamfanya msomaji adhani kwamba kila mkopo ni laana, basi na avuke Daraja la Mkapa. Kabla ya mwaka 2003 msafiri wa kusini alifika mto Rufiji akangoja kivuko cha Ndundu, na mvua zikikolea aliweza kungoja muda usio na hesabu, samaki wakiharibika na wagonjwa wakizidiwa. Daraja la urefu wa mita 970 lilijengwa kwa mikopo ya Mfuko wa Kuwait na Mfuko wa OPEC pamoja na fedha za serikali. Mkulima wa bonde analiona. Mazao yake yamepita juu yake. Mtu akimwambia kwamba anadaiwa sehemu ya daraja hilo huenda akanung'unika, lakini atafahamu anadaiwa nini. Kiwanda kilicholala hakuna awezaye kumwonyesha. Na hazina inayolipa madeni haya mawili ni moja, wala haina masanduku mawili, moja la kazi njema na moja la upuuzi wa wakubwa.

Mwaka 2001 Tanzania ilikamilisha masharti ya mpango wa kusamehe madeni ya nchi maskini, na mwaka huo huo ada ya shule za msingi ikafutwa. Wanafunzi wa shule hizo, waliokuwa takriban milioni 4.4 mwaka 2000, walizidi milioni 7 mwaka 2004. Mwaka 2006 Shirika la Fedha na Benki ya Dunia wakafuta tena sehemu kubwa ya deni. Ilisemwa kwamba ni msamaha. Neno hilo halikai vizuri. Husamehewa aliyekosa, na mtoto aliyerudishwa nyumbani mwaka 1998 kwa kukosa ada hakuwa amekosa lolote. Wasomaji wa Visiwani wana kumbukumbu yao juu ya jambo hili: mwaka 1934, wenye mashamba ya mikarafuu walipokuwa wamezama katika madeni, serikali ya Kiingereza ya Unguja ilitoa amri za kuzuia mashamba yasichukuliwe na wadai. Zilikuwa amri zilizojaa hila na ubaguzi, na ugomvi wake ulifika mpaka India. Hata hivyo zilionyesha jambo moja, kwamba deni husimamishwa pale anayetawala anapoona kuporomoka kwa mdaiwa kutamwangusha na yeye. Mwenye shamba la karafuu alikuwa na uzito huo. Mpalizi wake hakuwa nao.

Madeni yamerudi, kama mto unavyorudi. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, bei ya mafuta ilipanda mpaka serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni, na mwezi uliofuata Shirika la Fedha likaidhinisha mkopo wa zaidi ya dola bilioni 1. Mfumuko wa bei wa mwaka ule ulikuwa wastani wa asilimia 4.3, na ni kweli kwamba majirani wengi waliumia zaidi. Lakini maskini hali wastani. Wastani huchanganya bei ya unga na bei ya vitu ambavyo haingii navyo nyumbani kwake, na yeye fedha yake karibu yote ni chakula na nauli.

Juu ya Ngorongo, mtoni, limesimama Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, ambalo mkataba wake na makampuni ya Misri ulitiwa saini Desemba 2018 kwa takriban shilingi trilioni 6.5. Serikali ilisisitiza kwamba limejengwa kwa fedha za ndani, bila masharti ya mtu wa nje, na fahari ya Mwaka Mpya wa 1980 ilisikika tena. Fedha za ndani nazo zina waliozitoa. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022 na umeme ukaanza kuzalishwa Februari 2024. Miezi miwili baadaye mafuriko yakaingia katika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti, na ubishi juu ya sababu yake haujatulia. Mkulima wa mlau, ambaye kazi yake yote ni kusoma mto, sasa hana budi kumsoma na mwenye kufungua milango ya bwawa.

Yapo majina mawili ya mikopo katika Kiswahili cha leo ambayo yangestahili kukaa ukurasa mmoja wa kamusi. La kwanza ni "mkopo wa masharti nafuu". Nafuu ni neno la mgonjwa, na jina hili lilitoka ofisini, upande wa wanaokopesha na wanaotia saini. La pili ni "kausha damu", mikopo midogo yenye riba kubwa na marejesho ya kila siku au kila wiki, ambayo huwaendea zaidi wanawake wenye meza za mboga na vitumbua. Jina hili halikutoka ofisini. Lilitungwa na wanaolipa, na hakuna kamati iliyokaa kulisanifu. Wanaolipa mkopo wa kwanza hawajapata kuulizwa wangeuitaje.

Kwa mujibu wa taratibu za serikali za mitaa, mkutano mkuu wa kijiji husomewa mapato na matumizi kila baada ya miezi mitatu. Wanakijiji hukaa chini ya mwembe, mtendaji husoma: mchango wa madawati kiasi hiki, ushuru kiasi hiki, bati za zahanati kiasi hiki. Mzee mmoja husimama akauliza kwa nini misumari imekuwa ghali namna ile, na mtendaji hulazimika kujibu, au angalau kukohoa. Barua ambazo serikali huliandikia Shirika la Fedha, zenye ahadi za bei na kodi zitakazomfikia mzee huyo, huandikwa na kuchapishwa kwa Kiingereza. Zina saini ya Waziri na ya Gavana wa Benki Kuu. Mfasiri wa kadiri angeweza kuifanyia kazi moja yao kwa wiki mbili, na mtendaji akaisoma baada ya hesabu ya misumari.